Tusikate mnyororo wa elimu: Somo nililolipata Bugwema

 

Ndugu zangu Waislamu, leo naomba niseme nanyi kwa kuanza na kosa langu mwenyewe. Wengi tunaoandika katika safu kama hizi tumezoea kuonesha makosa ya wengine: ya viongozi, ya wazee, ya vijana, ya taasisi. Lakini mwalimu anayewahimiza watu kuitafuta elimu, na akaficha siku aliyodhihirika ujinga wake, atakuwa amewapunja wasomaji wake. Nimeona nisiwapunje.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nilizaliwa Bugwema, Musoma Vijijini, mkoani Mara. Wasomaji wengi wa mijini huenda hawajawahi kufika huko. Ni nchi ya bonde pana, si mbali na Ziwa Victoria. Watu wake wanalima mihogo, mahindi, mtama na pamba, wanafuga ng'ombe, na wengine wanashuka ziwani kuvua. Waislamu kule ni wachache. Msikiti tuliokulia ulikuwa wa matofali ya kuchoma na bati, safu zake hazikuzidi tatu siku ya Ijumaa. Maktaba hatukuwa nayo, wala taasisi. Tulichokuwa nacho ni Maalim.

Maalim wetu alikuwa mkulima kama baba zetu. Asubuhi yuko shambani na jembe, alasiri yuko chini ya mwembe na watoto. Ndiye aliyetufundisha alifu, bee, tee, akatupitisha Juzuu Amma, kisha akatusomesha Safina. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Mshahara wake ulikuwa debe la mahindi wakati wa mavuno, na mara nyingine hata hilo halikuja. Alikuwa na daftari moja nene, jalada lake limeshonewa kitambaa, ambalo alilinakili ujanani kutoka kwa mwalimu wake huko Mwanza, naye mwalimu huyo alikuwa amesoma Tanga. Lote liliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisi watoto tulikuwa tukilicheka kwa sababu lilinuka moshi wa jikoni.

Nilikwenda zangu sekondari, kisha chuo kikuu. Mwaka 2014 nikarudi nyumbani na shahada, na kompyuta mpakato iliyojaa vitabu vya dini. Nilikuwa nikijisifu kuwa nina maelfu ya vitabu. Sikusema kuwa nilivyokuwa nimevisoma mwanzo hadi mwisho havikufika kumi.

Mawaidha yaliyoleta mgawanyiko

Ijumaa moja baada ya swala nikapewa nafasi ya kuwausia waumini. Nilisimama nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka leo naona haya. Nilisema zama za madaftari ya wazee zimekwisha. Nilisema Muislamu anatosheka na Qur'an na Sunna, na kwa kuwa leo tarjama zipo na Hadithi zimo ndani ya simu, hakuna haja ya kuzungukazunguka kwa fulani kasema na fulani kasema. Vijana wakapiga takbira. Maalim alikuwa safu ya mbele, ameinamisha kichwa, anahesabu tasbihi yake. Hakusema kitu.

Ndugu msomaji, maneno yangu yalikuwa na nusu ya haki, na nusu ya haki ndiyo inayopoteza watu wengi. Ni kweli Qur'an na Sunna ndio msingi, wala hakuna Muislamu anayebishana juu ya hilo. Lakini mimi sikuwa nikiwaita watu kwenye Qur'an na Sunna. Nilikuwa nikiwaita kwenye ufahamu wangu mimi wa Qur'an na Sunna, ufahamu wa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nimeuvika kanzu ya wahyi. Matokeo yake, darsa ya Maalim ya baada ya Magharibi ilikimbiwa. Hazikupita wiki nyingi, msikiti wenye safu tatu ukawa na jamaa mbili, moja ya wazee na nyingine ya vijana. Na mimi nilidhani hiyo ndiyo islahi.

Shilingi ambazo hazikutosha

Mwaka huohuo akafariki ndugu yetu mmoja, mkulima na mvuvi. Aliacha mke, mabinti wawili, na wazazi wake wote wawili wakiwa hai. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni, na kuuza mtumbwi, ng'ombe na pamba iliyokuwa ghalani, zilipatikana shilingi 5,400,000. Kaka zake marehemu, kwa heshima ya shahada yangu, wakanitaka mimi nigawe. Nilifurahi. Nikaona hii ndiyo siku ya kuwaonesha watu kuwa tarjama inatosha.

Tukaketi uani kwa marehemu, wanaume kwa wanawake, na mjane amekaa mlangoni katika eda yake. Nikafungua Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Aya ziko wazi. Mabinti wawili, kama hakuna mtoto wa kiume, wana theluthi mbili. Baba na mama, kila mmoja ana sudusi, yaani moja ya sita, kama marehemu ameacha watoto. Mke, kama marehemu ameacha watoto, ana thumni, yaani moja ya nane.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Mabinti, theluthi mbili, shilingi 3,600,000. Baba, sudusi, shilingi 900,000. Mama, sudusi, shilingi 900,000. Nikaandika kwenye karatasi. Halafu nikamfikia mjane. Thumni yake ilikuwa shilingi 675,000. Nikatazama kilichobaki. Hakikubaki kitu. Hata senti moja.

Nilirudia hesabu mara mbili. Jasho likaanza kunitoka. Mmoja wa wakubwa wa ukoo akasema kwa utulivu: "Basi ustadhi, ndivyo dini ilivyosema. Huyu mama hana kitu, atarudi kwao." Na wengine wakaitikia kwa vichwa, maana katika mila zetu za kuumeni mjane hahesabiwi katika warithi. Hata sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 hazikumpa mjane fungu maadamu marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Kwa hiyo hesabu yangu iliwafaa sana. Mjane hakulia wala hakusema. Alimtazama mtoto wake mdogo tu.

Hapo ndugu zangu niliona hatari niliyoisababisha. Allah (s.w.) mwenyewe amemtaja mjane katika Kitabu chake kwa fungu lake, na mimi, nikiwa nimekifungua Kitabu hichohicho mapajani, nilikuwa karibu kumtoa patupu. Si kwa kuwa aya ina upungufu, hasha. Ni kwa kuwa mimi sikujua waliotangulia waliisoma vipi.

Maalim alikuwa ameketi pembeni juu ya kigoda. Akaomba ruhusa. Akasema: "Mwanangu, usigawe kwa ishirini na nne. Gawa kwa ishirini na saba." Nikamuuliza: "Ishirini na saba imetoka wapi, Maalim?" Akasema: "Imetoka kwa Sayyidna Ali." Akamtuma mjukuu wake nyumbani akalete daftari.

Ishirini na saba

Wasomaji wanaojua mirathi wameshatambua jambo hili. Linaitwa auli. Nitalieleza kwa ufupi ili asiyejua apate faida.

Mafungu yote ya warithi hawa yakiwekwa kwenye ishirini na nne, mke ana 3, mabinti wana 16, baba ana 4 na mama ana 4. Ukiyajumlisha unapata 27. Yaani mafungu yamezidi mali. Ufanyeje? Ukimtimizia mmoja utamdhulumu mwingine, kama nilivyotaka kufanya mimi. Njia ya haki ni kuifanya mali yote kuwa mafungu 27 badala ya 24, ili upungufu uwaguse wote kwa kadiri ya fungu la kila mmoja. Maalim alitugawia palepale. Kila fungu ni shilingi 200,000. Mjane akapata 600,000. Mabinti wakapata 3,200,000, kila mmoja 1,600,000. Baba akapata 800,000 na mama 800,000. Jumlisheni wenyewe, inatimia 5,400,000 kamili.

Mjane alipokea haki yake kwa mikono miwili. Yule mkubwa wa ukoo alitaka kubisha, lakini Maalim akamsomea kutoka daftarini nani alisema, wapi, na kwa hoja gani. Mtu hawezi kubishana na mnyororo namna hiyo. Angekuwa ni mimi peke yangu nimesema, wangeniambia nimebadilisha kwa kuwa nimemhurumia mwanamke.

Sasa tuutazame mnyororo wenyewe. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.) lilitokea jambo ambalo halikuwahi kutokea zama za Mtume (s.a.w.). Inasimuliwa kuwa alifariki mwanamke akaacha mume na dada wawili. Mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili. Mali haitoshi. Umar, pamoja na ukubwa wake, hakutoa jibu la kichwani kwake peke yake. Aliwakusanya maswahaba akawataka shauri. Imepokewa kuwa Abbas (r.a.), na wengine wanasema ni Zaid bin Thabit (r.a.), alimpa mfano wa madeni: mtu akifa na dirhamu sita, na akawa anadaiwa tatu na huyu na nne na yule, je, hatutaifanya mali kuwa mafungu saba, kila mdai apunguziwe kwa kadiri yake? Umar akakubali, na jambo likapita hivyo. Baadaye Ibn Abbas (r.a.) alikuwa na rai tofauti, na wanazuoni wakainukuu rai yake kwa heshima, hawakuificha. Lakini madhehebu manne yamekwenda na shauri lile.

Kisha akaja Sayyidna Ali (r.a.). Inasimuliwa kuwa alikuwa juu ya mimbari huko Kufa alipoulizwa juu ya mke, mabinti wawili na wazazi wawili, warithi walewale wa Bugwema. Akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imegeuka kuwa tusui, yaani moja ya tisa. Tatu katika ishirini na saba ni moja ya tisa. Kwa sababu hiyo wanazuoni wameiita mas-ala hii Mimbariya. Ali aliweza kujibu bila kushuka mimbarini kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa shauri la maswahaba wa zama za Umar.

Zaid bin Thabit ndiye aliyesifika miongoni mwa maswahaba kwa elimu ya mirathi. Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204 Hijria) katika mlango huu alishika sana njia ya Zaid. Akaja Imam Rahabi (aliyefariki mwaka 577 Hijria) akayatunga mafunzo hayo kwa beti ili wanafunzi wayahifadhi kwa urahisi. Matini hiyo, Rahabiya, ikasafiri misikitini na katika majahazi mpaka ikafika pwani yetu. Huko Tanga, Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy akaandika kitabu cha Mirathi kwa Kiswahili, na kingine cha ndoa, Nikahi. Na mwanafunzi mmoja aliyesoma Tanga akaenda Mwanza, akamsomesha kijana mkulima, kijana akalinakili daftari, na daftari likafika Bugwema. Hivyo ndivyo shauri lililotolewa Madina lilivyomfikia mjane wa Kiislamu kando ya Ziwa Victoria, miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu baadaye. Ukikata kiungo kimoja tu, mama yule alikuwa arudi kwao mikono mitupu.

Hakuna aliyeanza peke yake

Tukichunguza, hakuna elimu yoyote yenye manufaa iliyojengwa kwa namna nyingine. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) alipoandika Minhaj, kitabu kilichotegemewa sana na makadhi wa pwani yetu, alikuwa akifupisha Muharrar ya Imam Rafii aliyemtangulia. Baada yake wakaja Ibn Hajar al-Haytami na Ramli wakaisherehesha Minhaj. Safina tuliyoisoma chini ya mwembe iliandikwa na Sheikh Salim bin Sumayr, mtu wa Hadhramaut aliyefia Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Imam Muslim na Imam Tirmidhi walichota kwa Imam Bukhari, na Bukhari naye alikuwa na masheikh zake.

Hata elimu tunazoziita za dunia ndivyo zilivyo. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tatu Hijria, alichukua tarakimu za Wahindi akazieneza. Akaandika kitabu cha aljabra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za wasia na mirathi. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, linalotumika leo katika simu na kompyuta zetu. Kijana anayesema hana haja ya waliotangulia kwa kuwa ana simu, ajue kwamba ndani ya simu hiyo wametangulia watu.

Na tusiende mbali. Hapa kwetu Afrika Mashariki mnyororo huu uko wazi. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, wote waliofariki mwaka 1925, walikuwa taa za elimu Unguja. Kwao alisoma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947). Sheikh Al-Amin akaona kuwa Waislamu wanahitaji kusomeshwa kwa Kiswahili chao, akatoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaandika vitabu vya kusomesha watoto, akaanza na tafsiri ya Qur'an kwa Kiswahili. Mauti yakamkuta hajaimaliza. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja (1912–1982) akaifanya kazi hiyo hadi mwisho, na Qurani Takatifu ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Akaja Sheikh Ali Muhsin Barwani naye akatoa tarjama yake katika miaka ya 1990. Tarjama ile niliyoipeperusha mbele ya Maalim nikisema inatosha, ilikuwa yenyewe ni tunda la wazee wenye madaftari.

Jambo la kutufaa zaidi ni adabu ya Sheikh Farsy. Alitofautiana waziwazi na baadhi ya mambo yaliyozoewa na wanazuoni wa kabla yake, na aliandika dhidi ya bidaa. Lakini ni yeyeyule aliyekaa akaandika kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, akataja masomo yao, safari zao, walimu wao na wanafunzi wao. Aliwakosoa pale alipoona inafaa, na akawahifadhi. Sisi leo tunaweza la kwanza tu.

Kuheshimu si kuabudu

Pengine msomaji atauliza: je, unatuita tuwafuate wazee kwa upofu? La. Qur'an imewalaumu waliokataa haki kwa hoja ya kuwa ndivyo walivyowakuta baba zao (2:170). Imepokewa kutoka kwa Imam Malik kwamba kila mtu maneno yake huchukuliwa na huachwa, isipokuwa Mtume (s.a.w.). Kujenga juu ya kazi ya waliotangulia ni pamoja na kurekebisha tofali lililokaa upande. Lakini anayerekebisha tofali hupanda juu ya ukuta. Habomoi nyumba akalala nje.

Hili pia nilijifunza kwa Maalim. Baada ya siku ile nilimwendea nyumbani nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia nivute mkeka tusome. Tukalipitia daftari zima kwa miezi. Tukafika ukurasa alioandika ile Hadithi mashuhuri ya kuitafuta elimu hata Uchina. Nikamweleza kwa adabu kuwa wanazuoni wa Hadithi wameichunguza sanadi yake wakaiona haisihi, na wengine wamesema ni ya kubuniwa. Nikamwonesha maneno yao. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu akaweka alama pembeni na kuandika kwamba haikuthibiti kwa Mtume (s.a.w.). Mzee wa miaka zaidi ya sabini, anasahihishwa na kijana aliyemvunjia heshima msikitini, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe! Mimi nilipoteza theluthi mbili ya msikiti kwa kusahihisha kwa kiburi. Siku ile nikajua kusahihisha kunavyofanywa, na kusahihishwa kunavyopokewa.

Tulipomaliza, alinifungulia ukurasa wa mwisho. Palikuwa na majina: mwalimu wa mwalimu wake, mwalimu wake, kisha jina lake. Akanipa kalamu. Akasema: "Andika lako hapo chini, na usikubali kuwa wa mwisho." Maalim alifariki mwaka 2021, Allah amrehemu. Jamaa mbili zilisimama safu moja kumswalia. Vijana ndio waliochimba kaburi.

Tufanye nini?

Ndugu zangu wa mijini, nimeyaeleza haya kwa sababu ninayoyaona sasa yananitia hofu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Allah haiondoi elimu kwa kuipokonya vifuani mwa watu, bali huiondoa kwa kuwafisha wanazuoni, mpaka watu wabaki na viongozi wajinga wanaoulizwa na kujibu bila elimu, wakapotea na kupoteza. Leo mtu anasikiliza kipande cha dakika mbili kwenye simu, asubuhi anatoa fatwa ya talaka. Mwingine anamkufurisha imamu aliyemsomesha Fatiha. Mirathi inagawiwa kwa kelele. Na wajane wanaorudi kwao patupu wako Temeke, Mwanza na Arusha pia, si vijijini tu.

Nina mambo manne ya kupendekeza, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mmoja wetu amjue mwalimu wa mwalimu wake. Nenda kwa aliyekusomesha umuulize alisoma kwa nani, wapi, kitabu gani. Andika. Kama yuko hai leo, usingoje mwakani.

Pili, tuokoe maandishi. Madaftari, barua, khutba na vitabu vya mkono vinaliwa na mchwa majumbani, na vingine vinachomwa na warithi wasiojua kusoma hati za Kiarabu. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, msikiti wa Habib Saleh, zimekwisha kupigwa picha na kuhifadhiwa kwa kompyuta. Daftari la Maalim nimelipiga picha kwa simu ya kawaida, ukurasa kwa ukurasa, kwa siku mbili tu. Simu hiyohiyo tunayoitumia kubishana inaweza kufanya kazi hii.

Tatu, misikiti yetu irudishe darsa ya kitabu kizima, kwa mwalimu anayeulizwa na kujibu, angalau kimoja kwa mwaka. Na kila msikiti uwe na watu wawili au watatu wanaoijua mirathi barabara. Qur'an imehimiza kuwa katika kila jamii litoke kundi la kujifunza dini kisha lirudi kuwaonya wenzao (9:122). Waliobaki tuulize tusiyoyajua kwa wenye kujua, kama tulivyoamrishwa (16:43).

Nne, tuwatunze walimu wa madrasa wakiwa hai. Tunachanga mamilioni kwa harusi na tunashindwa kumlipa maalim wa watoto wetu. Kisha akifa tunasema msiba mkubwa umetufika.

Wazee wetu wa pwani walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi naongeza: isipokuwa pale vijana wanapowanyamazisha. Allah (s.w.) amewasifu wanaokuja baada ya waliotangulia, ambao humwomba awaghufirie wao na ndugu zao waliowatangulia kwa imani, wala asiweke mioyoni mwao chuki juu yao (59:10). Hiyo ndiyo sifa ya anayefaa kupokea elimu. Tujipime nayo.

Tunamuomba Allah awarehemu walimu wetu waliotangulia, awape afya walio hai, atujaalie tuwe viungo imara katika mnyororo huu, na tusiwe wa mwisho. Amin.